Daraja Juu ya Kichochoro

Baba yangu huniita mama. Wageni wakisikia hushangaa, mzee mzima mwenye mvi akimwita "maitu", mama kwa Kikuyu, mwanamke aliyevaa jinzi na kofia ya mjengo, lakini kwetu hilo halina ajabu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na mimi ndiye niliyelipata, kwa hivyo kwa hesabu za ukoo ni kama nimemzaa. Kaka yangu ana jina la babu, naye pia huitwa baba, ila hajui kuitumia nafasi yake. Mimi naitumia. Baba akikataa dawa namwambia, "Kijana, meza hiyo kitu," naye anameza huku akinung'unika kama mtoto wa chekechea.

Kazi yangu ni usanifu wa majengo. Naishi Ruiru, na kama umepita Ruiru miaka hii unajua tunachojenga huko: ghorofa za kupangisha, zimebanana hadi jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinua sauti. Nimechora nyingi. Mwenye ploti huja na swali moja tu, vyumba vingapi vitaingia. Ukimtajia dirisha anauliza kama dirisha nalo litalipa kodi. Sisemi ni kazi mbaya, imenilisha na kunisomeshea watoto, lakini hakuna hata ghorofa moja kati ya hizo ambayo nikipita karibu nayo nageuza shingo.

Jumba la baba, kule Thika, nageuza shingo kila mara. Ni la mawe yaliyochongwa kwa mkono, la enzi za wenye maduka wa Kihindi, duka chini na makao juu. Lina vigae vyekundu juu ya paa, sakafu nyekundu ya simiti ambayo mama alikuwa akiipaka nta mpaka tunateleza na soksi, na roshani ya mbao inayoangalia barabara. Baba alilinunua kwa familia iliyolijenga walipohama. Chini akawa anauza mbegu, chakula cha kuku na dawa za mifugo, na wakulima wa Gatuanyaga walikuwa wanakuja na vumbi mpaka kwenye kope, wananunua kidogo na kuongea sana. Siku hizi duka amewapangishia vijana wa simu. Yeye anaishi juu, peke yake tangu mama afariki.

Shida ni ngazi. Ni za mbao, nyembamba, zimesimama karibu wima. Aliyezijenga bila shaka hakumpenda mtu wa kuishi juu. Baba alizipanda na kuzishuka maisha yake yote bila kuziwaza, hadi alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali ilimshona vizuri, tukamrudisha nyumbani, wanaume wa kanisa wakambeba hadi juu kwenye kiti cha plastiki. Kila Jumapili wakawa wanakuja kumshusha vivyo hivyo. Jumapili moja kiti kikapasuka kwenye kona ya ngazi. Hakuumia, alidaka mbao ya pembeni, lakini pale pale, suti imejaa jasho la watu wengine, akatangaza, "Sibebwi tena kama gunia la waru."

Na hakubebwa. Akaketi kwenye roshani. Ukipita chini unasikia sauti yake: anamuuliza mama wa mboga habari za mjukuu, anamkemea kijana wa bodaboda kwa kuendesha bila kofia, anamtania mchungaji kwamba mahubiri ya juzi yaliyosikika kwenye spika yalikuwa marefu. Alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba, watu wanamtilia gazeti na parachichi. Mtaa mzima ulicheka, na mimi nilicheka, halafu nikirudi Ruiru nalia garini. Alikuwa anakonda. Mtu aliyezoea kugusana na watu kutwa nzima sasa alikuwa anawaona vichwa tu kutoka juu.

Kaka yangu akaja na suluhisho. Mzee ahamie kwangu Ruiru, jumba libomolewe, na kuna mtu tayari wa kuungana nasi kujenga ghorofa ndefu yenye vibanda vya kukodisha. Kaka si mtu mbaya, ni mtu wa kumaliza mambo. Na kusema kweli mimi pia nilimtaka baba kwangu. Nyumba yangu haina ngazi hata moja. Kila nikimpigia simu nilikuwa namwambia, "Baba, njoo ukae na mimi."

Jibu lilikuwa lile lile. "Mama, nikishuka hizo ngazi sitazipanda tena. Nawajua nyinyi. Mtaniweka Ruiru, na nikiuliza kwangu mtanionyesha shimo lililozungushiwa mabati."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Ama tumpatie njia ya kutoka ambayo pia ataweza kurudia kwa miguu yake mwenyewe, ama ahame na jumba life. Kaka alinipa mpaka Krismasi. "Wewe si ndiye fundi wa kuchora? Chora."

Nikachora. Lifti haikuingia popote, ua wa nyuma una tangi na choo cha wapangaji, na kuipitisha dukani ni kulipasua duka. Njia ya mteremko ingehitaji kuanzia kwa watu wengine. Nilichana karatasi nyingi, nikaanza hata kuwakasirikia wale Wahindi wa zamani, watu ambao hata sikuwahi kuwaona.

Siku moja nimeketi sebuleni kwa baba, dirisha la ubavuni liko wazi, nasikia harufu ya mandazi. Ng'ambo ya kichochoro kuna jumba lingine la mawe, umri mmoja na letu. Ni la mama mmoja mjane wa kanisa letu, ambaye sisi wote tunamwita tata, shangazi, jinsi tunavyomwita kila mwanamke wa rika lake. Ana hoteli ya chai. Nimekula mandazi yake tangu utoto, nikiyafuata kwa kuzunguka kona na kupanda kilima hadi barabara ya juu. Ndipo nikashtuka. Mbona napanda kilima? Kwa sababu mji unateremka kuelekea mtoni. Hoteli ya tata, inayofungukia barabara ya juu, iko sawasawa na sebule yetu. Stoo yake ya unga ndiyo ile iliyo nyuma ya ukuta ninaoutazama. Kutoka dirisha hili hadi barabara isiyo na ngazi ni kichochoro tu, upana ambao paka huruka.

Nikapiga yowe. Baba akadhani nimeona nyoka.

Kumwomba mtu akupe ukuta wake si jambo la kupiga simu. Tulienda na kreti za soda, sukari na unga, mimi, kaka na mzee mmoja wa kanisa, tukaketi, tukaulizana hali ya mvua na ya ng'ombe, na soda ilipofika nusu ndipo mzee akalitoa neno. Tata alisikiliza macho yakiwa chini.

"Sasa mzee atakuwa anapita jikoni kwangu kila siku?"

"Ni stoo tu, tata, halafu hotelini, halafu yuko barabarani."

"Apite," akasema. "Lakini akipita asalimie, na akikaa alipe chai. Nimewachoka wazee wa bure."

Basi nikaanza kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Kaka alidhani nitaweka mawe juu ya mawe ili daraja lifanane na majumba. Nikamwambia hapana. Majumba yana umri wao, daraja nalo lina wake, na hakuna haja ya kumvika kijana koti la babu. Nilitaka vyuma vyembamba, sakafu ya mbao, pembeni vipande vya mbao vyenye nafasi ili upepo na mwanga vipite na mvua ibaki nje. Lingesimama kwa miguu yake ya chuma kichochoroni bila kuegemea kuta za wazee, ili atakayekuja kuliondoa siku moja azikute kuta kama zilivyokuwa. Upande wa tata ulikuwa chini kidogo, kwa hivyo sakafu ikapata mteremko mpole. Mbao ya kushikia niliipima kwa kiganja cha baba mwenyewe. Alisimama kama anashonewa suti, akiniambia, "Mama, usinifinye."

"Unamjengea mzee banda la kuku hewani," kaka akasema alipoona mchoro. Nikamwambia kuku wa humo atakuwa anatoka na kurudi, wa ghorofa yake je?

Ofisi za kaunti zilituzungusha, tukazunguka. Welda mmoja wa Eneo la Viwanda akaunga vyuma, wakavileta alfajiri wakati barabara ni tupu, na kreni ikaviinua baba akiwa kwenye roshani akitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyasikia. Fundi mkuu wangu, mtu wa Murera, makini na mpole, alipanua dirisha la sebule likawa mlango. Kwenye ukuta wa tata tulipitisha linta, boriti ya kubeba uzito wa juu, mapema, nikiwepo mwenyewe, ili ukuta wa chini usibebe kitu. Lakini ukuta wenyewe tukauacha. Ndani kulikuwa na unga, na vumbi la mawe na mandazi haviendani. "Huo tutaubomoa mwisho," nikamwambia fundi. "Na usiuguse kabla tata hajakuruhusu. Ni ukuta wa mjane, tuwe na heshima."

Kisha nikashikwa na mjengo Ruiru, slabu ya ghorofa ambayo haikungoja mtu, na wiki ya mwisho nikawa naendesha kazi ya Thika kwa simu. "Kila kitu fiti, madam," fundi alisema. Nikamwamini, kwa sababu kila kitu kilikuwa fiti kweli isipokuwa kimoja.

Jumamosi ya maombi ilikuwa na jua zuri. Kwetu huwezi kutumia kitu kipya kabla hakijaombewa, kiwe gari, kinu cha posho au choo. Wanawake wa kanisa walikuwa wamevamia stoo ya tata tangu asubuhi, wakatundika vitambaa vya arusi, vya zambarau na vyeupe, ukuta mzima, na mbele yake wakafunga utepe. Upande wa daraja fundi alikuwa ameshusha turubai. Wageni wote walikuwa kwa tata pamoja na pilau. Kwa baba tulikuwa wachache: mimi, kaka, mchungaji na fundi. Baba alivaa suti yake ya arusi yangu na tai nyekundu.

Mchungaji aliomba, akaombea vyuma, akaombea mbao, akaombea hata kichochoro. Baba akashika fremu yake ya kutembelea, akakanyaga kizingiti cha mlango ambao zamani ulikuwa dirisha. Alisimama hapo muda mrefu kidogo. Kisha mkono mmoja ukahamia kwenye mbao ya pembeni, na akaenda. Pole pole, lakini akaenda. Mimi nyuma yake nilikuwa nimenyoosha mikono, tayari kumdaka.

Tukasikia utepe umekatwa upande wa pili. Ngemi, vigelegele vya wanawake, zikapigwa, zikapaa. Fundi akavuta turubai kwa mbwembwe.

Ukuta.

Ngemi zikakatika katikati, maana hata kwao vitambaa vilikuwa vimevutwa.

"Fundi," nikasema, "hii ni nini?"

"Ni ukuta, madam."

"Naona ni ukuta! Mbona uko hapa?"

"Si ulisema tungoje tata aturuhusu?"

"Na hakuwaruhusu?"

Sauti ya tata ikapenya kwenye mawe, ndogo lakini kali. "Nani aruhusu nani? Mimi nimewangoja mje mpige hodi! Stoo nimeihamisha, unga nimeulaza chumbani kwangu wiki nzima!"

Ngai! Kila siku fundi alikuwa anakunywa chai kwake. Kila siku tata alimuuliza, "Kazi inaendeleaje?" naye alijibu, "Vizuri sana, tata." Yeye fundi alikuwa anangoja aambiwe bomoa, na siku hiyo alidhani ruhusa itatolewa pale pale utepe ukishakatwa. Tata naye alikuwa anaogopa kuwaharakisha watu wa watu, isionekane amechoka nao. Asubuhi ile ile, alipotundikiwa vitambaa, alidhani mafundi wana mpango wao, na angewauliza vipi mbele ya wageni? Heshima ilikuwa imejaa pande zote mbili hadi hakuna aliyebaki wa kushika nyundo.

Nilitaka kulia, nilitaka kumrusha fundi kichochoroni. Kaka nyuma yangu alitoa simu mfukoni, na hilo likanichoma, kwa sababu yule mtu wake wa ghorofa alikuwa bado anangoja jibu. Mchungaji akapendekeza kwa upole tuahirishe hadi Jumamosi nyingine. Nikaona baba ameegemea mbao ya pembeni kwa mwili wote. Nikajua akirudi kwenye kile kiti cha roshani leo, mbele ya watu wote hawa, hatathubutu tena, na kaka atashinda bila kusema neno.

"Baba, turudi ndani uketi kidogo."

"Sirudi," akasema. "Nipeni nyundo."

"Kijana..."

"Leo usiniite kijana. Nipeni nyundo."

Fundi akanitazama, nikaitikia kwa kichwa. Linta ilikuwepo, asante Mungu, ukuta ule haukubeba chochote ila aibu yetu. Kaka akasogea mwenyewe akamshika baba kiunoni. Baba akagonga. Kikatoka kipande cha jiwe ukubwa wa kucha.

"Jirani!" akapaza sauti. "Mimi nimeanza kwangu. Anza kwako!"

Halafu tukasikia, du! Du! Baadaye niliambiwa tata alikuwa ameuchukua mchi wa kupondea mukimo, na kwamba wanawake walijaribu kumzuia kwa sababu ya nguo yake mpya. Baba akacheka hadi nyundo ikamwanguka. Fundi akawaita wenzake, wakaingia kazini, jiwe baada ya jiwe, nami nikipiga kelele wasiyavunje, maana mawe kama hayo hayachongwi tena. Vumbi likajaa stoo, likaingia pilau, likaingia chai. Wageni hawakuondoka, walisogea karibu kuona vizuri.

Tundu lilipofika kimo cha mtu, uso wa tata ukatokea, mweupe kote.

"Karibu," akasema. "Na usiburute hilo vumbi la mawe, nilikuwa nimepiga deki."

"Nasalimu," baba akajibu, "kama ulivyoagiza."

Akapita. Alipita stoo, akapita katikati ya meza za hoteli, akatoka mlango wa mbele hadi ukingo wa barabara ya juu, suti nyeupe kwa vumbi. Barabarani hakuna aliyejua kuna jambo. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo. "Niaje mzee, twende?"

"Ngoja," baba akamwambia, "kwanza nichague pa kwenda."

Nililia waziwazi, vumbi likawa tope usoni. Kaka akaja na vikombe viwili vya chai, kila kimoja na vumbi lake juu, akanipa changu. "Nitampigia yule mtu nimwambie hapana," akasema. Tukanywa hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo ukimtaka baba mpigie simu tata. Yuko hotelini akibishana juu ya bei ya maziwa, yuko kwa kinyozi, yuko amesimama mahali na mkulima wa Gatuanyaga wakiongea habari za minyoo ya ng'ombe. Nikienda Thika namkosa. Ningefurahi tu, lakini nitasema ukweli, nilinuna kidogo. Mimi ndiye niliyemfungulia njia, na njia hiyo ilikuwa imemfanya asinihitaji. Kwa mazoea, kila simu bado nilimalizia na, "Baba, njoo basi ukae na mimi," naye alicheka tu, hata hakusumbuka kukataa.

Halafu mwezi uliopita, mchana wa siku ya kazi, nikasikia honi getini kwangu Ruiru. Ilikuwa pikapu ya mkulima, nyuma imejaa makreti ya nyanya, na mbele ameketi baba, fremu yake mapajani, tai shingoni. Alikuwa hajawahi kuiona nyumba yangu. Nilihamia pale yeye akiwa tayari hawezi kushuka. Mwenye pikapu akamsaidia, akaenda zake sokoni, na baba akasimama uani akilitazama paa langu, kuta zangu na maua yangu bila haraka.

"Madirisha ni makubwa," akasema. "Vizuri."

"Baba! Miaka yote hii nakuomba uje!"

Akanigeukia. Hakuwa anatania.

"Hapana, mama. Uliniomba nihamie. Kutembea tu, ninywe chai nirudi kwangu, hukuwahi kunialika."

Nilimshika mkono tukaingia ndani. Nilimpikia chai ya maziwa mengi, nikamwonyesha kila chumba, akafungua kabati, akaniambia jiko langu ni dogo. Tulikaa, tukaongea habari za mama, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa muda mrefu kwa sababu kila tukikutana tulikuwa tunazozana juu ya kuhama. Jua lilipoanza kulegea akajiegemeza kwenye fremu yake, akainuka.

"Sasa naenda nyumbani," akasema.

Nikachukua funguo za gari.